Nukta za Philomena

Philomena Bura alikuwa na penseli nyekundu moja, na shamba zima la ngano lilikuwa linaiogopa. Sitii chumvi. Nimewaona kwa macho yangu madereva wa kombaini, watu wa miraba minne wanaolala chini ya mashine kwenye baridi ya Julai bila kulalamika, wakisimama mlangoni kwake na karatasi mkononi, wanakohoakohoa kama wanaosubiri kuungama kwa padri. Na mimi nilikuwa mmoja wao. Naitwa Nicodemo, Niko kwa kifupi, nilikuwa karani wa karakana, na Kiingereza changu kilikuwa kibaya kuliko cha wote.

Shamba lenyewe sitalitaja jina. Mashamba ya serikali yalikuwa kadhaa kati ya Basotu na mlima Hanang, ngano tupu mpaka macho yanachoka, na kila moja lilikuwa na ofisi yake ya bati, karakana yake na meneja wake. Hii ilikuwa miaka ya themanini, mwanzoni mwanzoni. Wataalamu wa Kizungu walikuja na mashine zao, na kwa sababu yao kila taarifa ilibidi iandikwe kwa Kiingereza: mvua iliyonyesha, mkanda uliokatika, panya wa ghalani, mtu aliyeumwa tumbo. Basi watu waliomaliza darasa la saba Dongobesh na Katesh wakaambiwa kuanzia leo andikeni Kiingereza. Walichoandika chote kilipitia mezani kwa Philomena, mpiga chapa wetu.

Alizaliwa Kainam, juu kule Mbulu, kwenye nyumba ya mahindi, maharage na ng'ombe wanne. Masista walimsomesha mpaka akakijua Kiingereza kuliko mameneja waliomwajiri, kisha akajifunza kupiga chapa Arusha miezi sita. Alikuwa mfupi, mcheshi, mwenye sweta la kijani alilolifuma mwenyewe na ambalo mkono mmoja ulizidi mwingine. Juu ya karatasi zake aliweka nati kubwa ya trekta ili upepo usizichukue, maana upepo wa Basotu ukiingia ofisini hauombi ruhusa. Na alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja kwa mtu yeyote, awe mlinzi au bwana shamba. Hakumwandikia mtu.

"Andika mwenyewe, ulete, tuchambue," alisema, na kweli ilikuwa kuchambua kama maharage. Alikukalisha mbele yake, akasogeza nati pembeni, akaanza kutoa mawe moja moja.

Nakumbuka siku yangu ya kwanza. Nilikuwa nimeandika, *The tractor it has refused to start*, nikajiona msomi.

"Niko," akasema, "matrekta yaliyokataa kuwaka ni mangapi?"

"Moja, dada Philo."

"Mbona umelitaja mara mbili? Umesema *the tractor*, hujapumua, umesema *it*. Sisi kwa Kiswahili tunasema trekta limekataa, hiyo *li* tunaichukulia kawaida. Kiingereza hakitaki. Chagua moja, nyingine ondoa."

Nikaondoa. Akanigeukia kwa karatasi ya pili, ambayo ilisema, *The fuel for combine number three in the field near the lake*, halafu nukta.

"Imefanyaje?"

"Nini imefanyaje?"

"Hiyo dizeli ya kombaini namba tatu iliyoko shambani karibu na ziwa. Nimeingoja mpaka mwisho nisikie imefanya nini, naona umeniaga. Imekwisha? Imemwagika? Imezaa mapacha?"

Ilikuwa imekwisha. Nikaongeza *is finished*, akanipa chai.

Alikuwa na lugha yake kwa kila kosa. Ukianza kusimulia jambo la jana, katikati ukarukia leo, alikuambia, "Kaa jana kwanza umalize shughuli zako." Ukiandika *the drivers was tired*, aliuliza kama madereva wamekuwa mtu mmoja tangu asubuhi. Hakuna aliyetoka pale bila kuchekwa, na hakuna aliyetoka bila kufundishwa, na kwa kweli tulimpenda hata tulipokuwa tumemnunia.

Lakini ugonjwa wangu mkubwa ulikuwa mwingine. Mimi nilikuwa siachi. Nikishaanza sentensi, niliunga, nikatia koma, nikaunga tena, mkanda wa feni ukaungana na mvua ya Jumanne, mvua ikaungana na fundi aliyekwenda msibani Getanuwas, mpaka karatasi inakwisha ndipo naweka nukta. Philomena alijaribu kunieleza kwa vitabu, nikashindwa. Siku moja akaweka penseli chini.

"Kwenu wazee wakibariki mkutano, watu wanaitikia lini?"

Mtu yeyote wa kwetu anajua hilo. Mkutano ukiisha, mzee husimama akaomba heri, mvua, watoto, mifugo, amani na majirani. Tunaiita slufay. Hasemi mfululizo. Anasema neno lake, watu wote wanaitikia kwa sauti moja, anasema lingine, wanaitikia tena.

"Wanaitikia neno likitimia," nikamwambia.

"Likiwa nusu, wanaitikia?"

"Watamwitikiaje na bado hajasema kitu?"

"Na yeye akiunganisha maneno mawili bila kuwapa nafasi?"

Nikacheka. Mzee wa namna hiyo wangemkalisha.

"Basi soma taarifa yako," akasema. "Mimi ndio watu."

Nikasoma. Nilipofika mahali neno limetimia, Philomena aliitikia kwa sauti nzito ya kizee, kichwa upande, macho amefumba. Pale ndipo pa nukta. Nikipita mbio na koma yangu kabla hajaitikia, aligonga meza kwa nati. Nikimwachia kipande kisicho na kitenzi, alinyamaza tu, akanitazama, na mimi nilijua mkutano umegoma. Mzungu mmoja alipita mlangoni akasimama akitushangaa, lakini tangu siku ile nilijua sentensi inaishia wapi. Hata leo nikiandika barua nasikia ile sauti yake ya kizee, na siyo mimi peke yangu.

Kosa la mwisho ndilo lililotuletea makubwa, na hili lilikuwa la shamba zima. Sisi watu wa huku tuna adabu, na adabu yetu haitaji mtu. Kikombe kimevunjika. Mlango haukufungika. Ng'ombe wameingia kwenye ngano. Hakuna anayevunja wala anayesahau; vitu vyetu vinajiharibu vyenyewe. Tulipoandika Kiingereza tukahamia nacho humo humo, na taarifa zikajaa mambo yaliyotokea bila mwenyewe. Philomena akikuta sentensi ya namna hiyo alichora duara dogo jekundu, ndani yake akaandika neno moja: Nani?

Duara lile hakulijaza yeye. Hapo ndipo nilipomheshimu kabisa. Alikuita akuulize, na usipokuwepo alivaa viatu vyake vya mpira akakufuata. Nimewahi kumwona akitembea mpaka mashamba ya upande wa ziwa, jua la saa saba, kumuuliza mlinzi Hhando kama aliyevunja uzio ni fahali au ndama, kwa ajili ya sentensi moja ambayo pengine hakuna ambaye angeisoma. Nikamwambia anajisumbua. Akanijibu kwamba Kiingereza ndicho chake, lakini neno ni la mwenye neno, na yeye hawezi kulikamilisha kwa kubuni.

Kwa miaka sita hakubuni hata mara moja. Alibuni Julai moja tu, na mimi ndiye niliyemfikisha hapo.

Kulikuwa na dereva wa trekta anaitwa Margwe Qamara, kijana mrefu wa Gitting, mpole, mwenye sauti ya besi. Alikuwa anaimba nyimbo za kanisani juu ya trekta, na ulimsikia anakuja kabla hujaona vumbi lake. Kazi yake ilikuwa kuvuta tela la ngano kutoka shambani mpaka ghalani. Mwezi wa sita alikuja karakana akaniambia komeo la mlango wa tela limelegea. Nikamwambia nitaandika ombi la vipuri. Baada ya wiki akaja tena. Nikamwambia nimeshaandika.

Sikumdanganya, niliandika. Ila ombi lile lilikuwa kwenye droo yangu. Wiki iliyotangulia Philomena alikuwa amesoma karatasi yangu moja kwa sauti, akacheka mpaka akafuta machozi, na Zita, mama wa chai, akacheka naye, ingawa Zita hajui Kiingereza hata cha salamu. Nikanuna. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja na watoto wawili, nikanuna kama mtoto. Nikasema ombi hili lina sentensi moja ya nusu ukurasa, silipeleki wanicheke tena. Nitalinyoosha kwanza mwenyewe. Sikulinyoosha. Mavuno yakaanza, na Margwe akalifunga lile komeo kwa waya.

Waya ukakatika kwenye barabara ya Basotu. Nusu tela ya ngano ikamwagika, na kina mama waliokuwa wanatoka ziwani na samaki wakatandaza kanga zao wakazoa riziki waliyoletewa njiani. Siwalaumu. Margwe alirudi amekunja uso, na mimi nikakaa kuandika taarifa. Niliandika hivi: *Half trailer of wheat lost on the road because the door not closed.*

Nilijua kabisa nimefanya nini. Nilijua duara litachorwa wapi na nitaulizwa nini. Na siku ile wakubwa walikuwa wanakuja kutoka makao makuu kukagua mavuno, Philomena alikuwa na karatasi za kupiga chapa zimefika kidevuni. Nikaiweka ya kwangu chini ya nati yake alipoinama kutafuta karatasi ya kaboni, nikasema, "Nimeweka, dada," nikatoka nusu mbio.

Yaliyofuata alinisimulia yeye. Alichora duara. Akainua kichwa aniulize, sipo. Akatazama dirishani akaona vumbi la magari ya wakubwa limeshafika kwenye bwawa. Meneja akaingia mara mbili kuuliza taarifa iko wapi. Ukutani kulikuwa na orodha ya zamu, na kwenye orodha, safari ya asubuhi, barabara ya Basotu, kulikuwa na jina moja. Philomena akalijaza duara. *The driver, Margwe Qamara, did not close the trailer door.*

Ilikuwa sentensi safi. Ina mwenyewe, ina kitenzi, imekaa jana tangu mwanzo mpaka nukta. Sista aliyemfundisha angeipa alama zote. Haikuwa kweli, basi.

Meneja wetu, Ndugu Reginald, hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa kuogopa wakubwa. Wakubwa waliisoma ile sentensi wakamuuliza dereva huyu amechukuliwa hatua gani. Siku ya tatu akamwita Philomena apige chapa barua ya kumwachisha kazi Margwe.

"Ndugu Meneja, ameshahojiwa?" akauliza Philomena.

"Ahojiwe nini? Taarifa imesema."

"Taarifa ipi?"

"Hii hapa. Umeipiga chapa mwenyewe."

Akaipiga ile barua, kwa sababu alikuwa ameamriwa. Margwe akaipokea, akaikunja bila kuisoma, maana asingeielewa, akapanda lori la kwenda Katesh kurudi kwao. Siku ile hakuimba. Philomena akavaa viatu vyake vya mpira akaja karakana.

"Niko. Nani hakufunga mlango?"

"Ule mlango, dada, haukufungika..."

"Nimekuuliza nani."

Nikafungua droo nikampa ile karatasi. Aliisoma amesimama, sentensi yote, nusu ukurasa, yenye koma kumi na saba. Nilizihesabu wakati anasoma kwa sababu sikuwa na mahali pa kuweka macho. Nilingoja acheke. Ningefurahi sana angecheka.

"Ungeniletea hii," akasema.

"Ungenicheka."

"Ningekucheka. Halafu tungeirekebisha, komeo lingekuja."

Hakupandisha sauti. Nimewahi kutukanwa na mafundi, na mkwe wangu, na mara moja na askari wa Babati, lakini hakuna maneno yaliyoniuma kama hayo.

Jioni ile ile, kabla ofisi haijafungwa, aliandika barua kwa meneja, nakala tatu, moja ya makao makuu. Ilikuwa fupi kuliko barua zote alizowahi kupiga chapa. Nikaisoma juu ya bega lake, nikaona jina lake, nikaona la Margwe, la kwangu sikuliona.

"Hujanitaja," nikasema, na najua nilisema kwa unafuu.

"Hiyo ni sentensi yako. Mimi simwandikii mtu."

Meneja alikasirika kupita kiasi. Alisema amemuaibisha mbele ya makao makuu, kwamba mpiga chapa anayejitungia taarifa hawezi kukaa ofisini. Akamtoa kwenye mashine ya chapa akampeleka kwenye mzani wa malori, akae juani apime magunia mpaka mavuno yaishe. Lakini barua ilishafika kwa wakubwa na haikuwa na mahali pa kuikwepa. Margwe akarudishiwa kazi, kwa sharti kwamba awe ameripoti Jumatatu saa moja asubuhi. Asipokuja, nafasi yake apewe mwingine. Akatumwa mtu Gitting kumwambia. Akarudi Alhamisi peke yake.

"Mzee wake amekataa," akasema. "Anasema mwanawe hatoki pale mpaka aliyeandika aje mwenyewe nyumbani."

Watu wakacheka, wakasema mzee huyo anajitafutia njaa. Philomena hakucheka. Jumamosi alijifunga kitenge juu ya sweta lake, akatafuta kilo moja ya sukari, mwaka ambao sukari ilikuwa haionekani, akachukua nakala yake ya barua. Nikamwambia nitamsindikiza, nibebe mkoba. Alinitazama kidogo, akanipa mkoba.

Tulipanda lori la ngano mpaka Katesh, tukapata Landrover ya misheni mpaka njia panda, tukapanda Gitting kwa miguu. Kule ni kijani na baridi, mlima umekukalia kichwani, udongo mweusi unashika viatu. Kwa Margwe tulimkuta baba yake, Mzee Qamara, amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, blanketi begani, anachagua mbegu za viazi kutoka kwenye gunia. Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni. Akatutazama, akainamisha macho.

"Shikamoo, baba," tukasema.

"Marahaba."

Akaendelea na viazi vyake. Hakutuambia tukae, na kwa mzee wa kwetu kumwacha mgeni amesimama uani si jambo dogo. Tukasimama. Tuliongea Kiiraqw, nakiandika hapa kwa Kiswahili.

"Mimi ndiye niliyeandika, baba," akasema Philomena. "Nimekuja na karatasi nyingine niliyowapelekea wakubwa. Nitakueleza inavyosema."

"Usinieleze. Soma."

"Ni Kiingereza, baba."

"Ile ya kwanza ilikuwa nini?"

"Kiingereza."

"Walimfukuza mwanangu kwa Kiingereza, hata mwenyewe asisikie. Basi arudishwe kwa hicho hicho, na mimi nikisikia. Soma."

Philomena akatoa barua. Nimekaa naye miaka mingi na sikuwahi kumwona akiogopa karatasi isipokuwa siku ile. Akasimama wima kama mtoto wa shule, akasoma polepole.

"*I wrote that Margwe Qamara did not close the trailer door.*"

Akavuta pumzi. Na yule mzee, ambaye hakuwa anajua Kiingereza hata neno la kumfukuza mbwa, akaacha kiazi mkononi akaitikia. Aliitikia kwa sauti ile ile ya mkutanoni, nzito, ya kutoka tumboni. Nikahisi nywele zimesimama. Alikuwa amesikia mahali neno lilipotimia.

Philomena naye alishtuka. Akaendelea.

"*I did not ask him before I wrote it.*"

Mzee akaitikia.

"*The mistake is mine.*"

Akaitikia mara ya tatu. Margwe, ambaye barua ya ofisi ingemshinda lakini sentensi fupi kama hizi aliziweza, alikuwa ameelewa, maana alishika nguzo ya mlango akageuza uso. Machozi yalikuwa yanamtoka Philomena, hakuyafuta. Nikadhani mambo yamekwisha. Nikasogea nimpe mzee ile sukari.

Mzee Qamara hakuichukua. Alikuwa ananitazama mimi.

"Na huyu?"

"Amenisindikiza, baba," akasema Philomena.

"Kusindikiza tu? Njia yote hiyo, kubeba sukari?"

Philomena angeweza kunisemea, neno moja tu lingetosha, kwa hisani au kwa hasira, na yote mawili alikuwa na haki nayo. Akageuka akautazama mlima. Margwe alikuwa ananiangalia pia, yeye aliyekuja karakana mara mbili kuniambia kuhusu komeo, na ambaye hakuwa amemwambia mtu.

Nikaweka mkoba chini. Nikafikiri niseme Kiiraqw, nikaona hapana, huyu mzee ameshataja lugha anayoitaka.

"*The latch*," nikaanza, "*it was not*..."

"Nani?" akasema Philomena. Alisema taratibu, bila kugeuka.

Nikaanza upya.

"*I did not send the paper*," nikasema.

Nikangoja. Mzee hakuitikia.

"*Margwe told me two times.*"

Kondoo mmoja alilia nyuma ya nyumba. Nilitamani sana kuunga, nitie koma, niongeze mavuno, na kazi nyingi, na Zita na kicheko chake, nijaze ukurasa. Sikuunga.

"*I hid it, because I was ashamed.*"

Mzee Qamara alikigeuza kile kiazi mkononi, akayatazama macho yake ya kuchipulia, akakiweka upande wa mbegu nzuri. Kisha akaitikia. Aliitikia kwa sauti ndefu kuliko zile alizompa Philomena, na Margwe pale mlangoni akaitikia pamoja naye kwa ile besi yake, wawili kwa sauti moja, jinsi watu wanavyofanya mkutano ukikubali.

"Huyu anasema vibaya," mzee akamwambia Philomena, akininyooshea kiazi. "Lakini amefika."

"Amefika, baba," akasema Philomena, na sasa alikuwa anacheka na kulia pamoja, akinifuta vumbi begani kana kwamba mimi ndiye niliyelia.

"Jumatatu ni saa ngapi?" Margwe akauliza.

"Saa moja asubuhi," nikamwambia. "Na komeo nalitengeneza kesho. Mimi mwenyewe."

Mzee akapokea sukari, akaipima kwa mkono, akamwita mkewe aweke chai. Halafu akalisogeza gunia lake la mbegu pembeni, akavuta kigoda cha pili na cha tatu kutoka ukutani.

"Kaeni," akasema.